Zimamoto Bila Maji: Istilahi za Vikosi vya Moto wa Msituni

Utangulizi

Usiku wa tarehe 10 Julai, 2021, Soko Kuu la Kariakoo katika jiji la Dar es Salaam liliungua moto. Soko hilo, ambalo jengo lake lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, limo katikati ya mitaa yenye maduka yaliyobanana, na kila mkazi wa mitaa hiyo ajua la kufanya jambo kama hilo likitokea. Hupiga simu nambari 114 akaomba zimamoto waje. Nao hutazamiwa waje na gari jekundu, king'ora, ngazi, mipira na maji. Jina la kazi, jina la watu na jina la chombo, yote yamo katika neno moja tu: zimamoto.

Sasa na tuutazame moto wa namna nyingine. Tarehe 11 Oktoba, 2020, moto ulizuka katika mlima Kilimanjaro, katika eneo la Whona lililo baina ya vituo vya Mandara na Horombo, ukaendelea kwa siku nyingi. Kituo cha Mandara kiko mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, na cha Horombo mita 3,720. Gari la zimamoto haliwezi kuufuata moto katika mabonde na miteremko ya huko, wala hakuna bomba la kuunganishia mpira. Waliopanda kupambana nao walikuwa askari wa hifadhi, askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wapagazi wa watalii na wanavijiji. Aghalabu silaha za moto wa namna hiyo ni panga, jembe na tawi bichi.

Makala haya yanahusu istilahi za kazi hiyo ya pili. Sababu ya kuyaandika ni rasimu iliyoletwa mezani petu. Ilikuwa tafsiri ya mwongozo wa kazi kwa vijana wanaoandikwa kila kiangazi kuilinda misitu ya kupandwa na moto. Mfasiri alikuwa mtu makini, ajuaye Kiingereza na Kiswahili sawasawa. Lakini alikuwa mtu wa mjini, kama sisi. Kila alipokutana na dhana asiyoifahamu, ama aliiazima kutoka moto wa mjini ama aliifasiri neno kwa neno. Hivyo tulisoma kwamba moto una kisigino. Kwamba baada ya moto kufifia kikosi kipige deki. Na kwamba mambo yakiharibika kila mtu akimbilie eneo jeusi. Mawili ya kwanza yalituchekesha. La tatu halikutuchekesha tulipoelewa maana yake, kwani hiyo ndiyo sentensi iliyokusudiwa kuokoa maisha ya msomaji, na hapana msomaji ambaye angeielewa.

Neno "zimamoto" na asili yake ya mjini

Zimamoto ni ambatani ya kitenzi na nomino, ya aina moja na pimamaji na vunjajungu. Ni neno lililoundwa vizuri: ni fupi, lina maana iliyo wazi, nalo limekubaliwa na wote. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 imelipa nafasi yake rasmi. Hata hivyo, mazungumzo ya barabarani yana neno jingine lililotoholewa, yaani faya, na katika Barabara ya Morogoro kiko kituo cha mabasi ambacho abiria wote hukijua kwa jina hilo.

Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba zimamoto ni neno linaloitaja kazi kwa tendo lake la mwisho. Historia yatuonyesha kwamba watu wasipoliona tendo hilo huijaza nafasi kwa dhana nyingine. Mtafiti Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kiitwacho Speaking with Vampires, ameeleza jinsi ambavyo wakati wa ukoloni watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliamini kuwa wazimamoto walikuwa wakiteka watu na kuwanyonya damu. Katika pwani yetu jina la mtu wa namna hiyo lilikuwa mumiani. Watu waliona magari na sare, wakasikia jina, lakini wengi wao hawakupata kuuona moto unaozimwa. Neno lilifika kabla ya dhana yake.

Siku hizi hofu hiyo imekwisha, lakini neno limepata maana nyingine. Tukisema kwamba mwanafunzi anasoma kwa zimamoto, au kwamba idara fulani ina mipango ya zimamoto, twamaanisha kazi ya haraka-haraka isiyotayarishwa mapema. Maana hii nayo ni ya mjini: moto huzuka, king'ora hulia, watu hukimbia. Hatuna lawama kwa lugha kupanua maana ya neno. Twasema tu kwamba anayelitumia neno hilo kwa vikosi vya misituni huleta pamoja nalo picha isiyolingana na kazi yenyewe, kama tutakavyoona.

Kazi ya kikosi cha msimu

Msitu wa Sao Hill, karibu na mji wa Mafinga katika wilaya ya Mufindi, ndio msitu wa kupandwa ulio mkubwa kuliko yote nchini. Miti yake ni misindano na mikaratusi, na yote miwili huwaka upesi inapokauka. Katika Nyanda za Juu Kusini mvua hukoma kwa miezi mingi, takriban kuanzia Juni hadi Novemba, na hatari huwa kubwa zaidi miezi ya mwisho, wakati majani yamekwisha kuwa makavu kabisa na upepo unavuma. Huo ndio msimu wa moto, na kwa ajili yake huandikwa watu wa msimu.

Sehemu kubwa ya kazi yao hufanywa kabla ya moto wowote kuonekana. Hufyeka majani kandokando ya barabara, hukwatua njia zilizoachwa wazi baina ya vitalu vya miti, huchoma majani mapema angali na unyevu ili yasiwe chakula cha moto baadaye, na hukaa minarani kutazama moshi. Moto ukizuka, hawauendei mbele. Huanza nyuma yake, mahali ulipokwisha kupita na usipo na nguvu, wakaufuata ubavuni huku wakikata ukanda wa ardhi tupu. Katika vikosi vya Marekani, ambavyo kwa kawaida huwa na watu wapatao 20, wafanyakazi hujipanga mstari mmoja. Kila mtu hupiga mapigo machache kisha husonga mbele, na yule wa nyuma yake huendeleza alipoachia. Aliyewahi kushiriki msaragambo wa kulima mfereji huko Kilimanjaro au Upare ataielewa kazi hiyo bila ya kuchorewa picha.

Miali inapokwisha kuanguka, kazi bado haijamalizika. Kikosi hurudi katika eneo lililoungua, kikachimbua visiki na mizizi, kikapindua magogo, na kupeleka mgongo wa mkono karibu na ardhi ili kuhisi joto lililojificha. Kazi hii huchosha nayo haina sifa, lakini moto mwingi unaosemwa kuwa umezuka upya ni ule ule wa jana ambao haukusakwa.

Kutokana na maelezo hayo, twaona kwamba kuzima ni tendo moja tu miongoni mwa mengi. Kwa hiyo twapendekeza kikosi hiki kiitwe kikosi cha moto, na mtu wake aitwe mwanakikosi; neno zimamoto libaki jina la Jeshi na la watumishi wake. Aidha, twawaomba maofisa wanaoandika mikataba wasilitumie neno kibarua kwa watu hawa. Kibarua ni barua ndogo, yaani karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa, na maana ya kutwa ingali ndani yake. Anayeandikwa kwa miezi mitano, akafunzwa na kukabidhiwa usalama wa wenzake, ni mfanyakazi wa msimu.

Majina ya moto wenyewe

Wafanyakazi wa misitu na wanavijiji wa Nyanda za Juu Kusini huuita moto uliowatoka watu mikononi moto kichaa. Neno hili halikutoka ofisini. Limezaliwa huko huko. Ubora wake ni kwamba halitaji mahali bali hali: moto ule ule uliowashwa kwa kusafisha shamba ni moto wa kawaida asubuhi, na huwa kichaa adhuhuri upepo unapogeuka. Tukisema moto wa msituni, tutashindwa kuutofautisha na moto uliowashwa kwa makusudi na bwana misitu.

Hata hivyo, ziko hoja mbili dhidi yake. Kwanza, neno kichaa huwadhalilisha wagonjwa wa akili. Pili, na hoja hii twaiona nzito zaidi, kichaa hana hatia. Moto mwingi wa misitu yetu huanzishwa na mkono wa mtu: mwenye kusafisha shamba, mwenye kurina asali, mwenye kutaka majani mabichi kwa ng'ombe wake. Tukiusingizia moto wazimu, twaweza kumsahau aliyeuwasha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimsahau, kwani inadhibiti uwashaji wa moto na kuweka adhabu. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, wafasiri hawana budi kuwa na neno la kuandika. Rai yetu ni kwamba moto kichaa litumike katika mabango, mikutano na redio, ambako lafahamika tayari. Na katika sheria na kanuni kuandikwe moto usiodhibitiwa.

Dhana za kuzingira, kudhibiti na kuzima nazo zatakiwa kutengwa. Moto uliozingirwa ni ule uliokwisha kuzungushiwa ukanda wa ardhi tupu, ingawa ndani yake ungali unawaka. Moto uliodhibitiwa ni ule ambao hautazamiwi tena kuuvuka ukanda huo. Moto uliozimwa hauna joto popote. Msomaji wa gazeti akisoma kwamba moto umedhibitiwa hudhani kwamba umezimwa, na mkulima aliyehama hurudi nyumbani mapema kupita kiasi.

Kuhusu aina za moto, wataalamu huzitaja tatu. Uko moto upitao katika nyasi na majani yaliyoanguka. Huu twauita moto wa majani. Uko moto urukao kutoka kilele cha mti hadi kilele kingine. Huu ni moto wa vilele. Na uko moto ulao mizizi na mboji chini ya udongo bila ya kutoa miali. Rasimu iliuita moto wa ardhini, jina ambalo msomaji angelichukua kuwa ni moto wowote ulio chini ya miguu yake. Kiswahili kina usemi wake kwa jambo lifanyikalo kwa siri, na usemi huo wafaa hapa: moto wa chini kwa chini.

Sehemu za moto nazo zina majina. Upande unaokwenda mbele kwa kasi ni kichwa, na pande mbili za kando ni mbavu. Kwa upande wa nyuma Kiingereza husema kisigino, na mfasiri akalifuata. Lakini mnyama mwenye kichwa na mbavu, atambaaye juu ya ardhi, katika Kiswahili huishia mkiani. Tumeandika mkia wa moto, na kanuni ya kwanza ya kazi ikaandikika kwa maneno machache: anzia mkiani, fuata mbavu, usikabili kichwa.

Zana: tulichojifunza Kariakoo

Ili kupata majina ya zana tulichukua michoro yetu tukaenda katika maduka ya vifaa ya Kariakoo na Gerezani. Hatukwenda huko kwa kukosa kamusi. Tuliamini kwamba jina la chombo huishi mahali kinapouzwa na kununuliwa. Tena Kariakoo yenyewe ni ushahidi wa uwezo wa wananchi katika kuunda maneno. Jina hilo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wenyeji walilitohoa likawa Kiswahili bila ya kusubiri kikao cha baraza lolote.

Kifyekeo cha mpini mrefu wauzaji walikiita fyekeo, na wachache slesha. Hapa chaguo ni rahisi: fyekeo. Sururu na reki hazikuwa na ubishi. Chombo cha kuchotea na kutupia udongo kilitupa majina matatu katika maduka matatu: sepetu, beleshi na chepeo. Tumechagua sepetu, lakini mwalimu wa kikosi asimsahihishe kijana asemaye beleshi, maadamu wote waleta chombo kile kile. Pampu ya maji ibebwayo mgongoni inafanana na ile wanayoinunua wakulima kwa kunyunyizia dawa, nayo huitwa bomba la mgongoni. Hatuoni sababu ya kubuni jingine.

Ugumu ulikuja katika chombo chenye ubavu mmoja wa shoka na mwingine wa jembe dogo, ambacho huko Marekani huitwa Pulaski kwa jina la Ed Pulaski, bwana misitu aliyepata sifa katika mioto mikubwa ya mwaka 1910. Rasimu iliandika "kifaa cha Pulaski". Mzee mmoja wa Gerezani aliutazama mchoro, akaugeuza, kisha akasema, "Mwalimu, hili ni shoka limeoa jembe." Tulicheka, lakini tulirudi ofisini na istilahi: shokajembe. Chombo cha mwisho kilikuwa fimbo yenye kipande cha mpira mpana cha kupigia moto wa majani. Mzee huyo huyo alituuliza kwa nini watu wanunue kitu kama hicho ilhali tawi halinunuliwi. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Hata hivyo chombo kipo, nasi tumekiita kipigio.

Kinga na kinga

Liko neno moja ambalo limetupa kazi kuliko mengine yote. Katika misitu yetu njia pana iliyoachwa wazi kuzuia moto huitwa barabara ya kinga moto. Hapa kinga ni nomino ya ngeli ya i-/zi-, yenye maana ya hifadhi: kinga ya moto, kinga za moto. Lakini Kiswahili kina kinga nyingine, ya ngeli ya ki-/vi-, yenye maana ya kipande cha ukuni kinachowaka: kinga cha moto, vinga vya moto. Ndiyo ile tuijuayo katika methali, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hivyo basi neno moja, kwa tofauti ya herufi chache za upatanisho, lamaanisha kinachouzuia moto na kinachouwasha.

Tukiandika kwa utulivu, upatanisho hutuokoa. Lakini mwongozo husomwa pia na watu ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, na maagizo hutolewa kwa sauti katikati ya moshi. Mtu akisikia "leteni kinga", alete nini? Zaidi ya hayo, rasimu ilitumia jina moja kwa vitu viwili: njia ya kudumu iliyotengenezwa miezi mingi kabla ya moto, na ukanda mwembamba unaokatwa wakati moto unaendelea. Cha kwanza twakiachia jina lake la barabara ya kinga moto, kwani limezoeleka. Cha pili twapendekeza kiitwe mkanda, bila ya nyongeza yoyote. Kukata mkanda, kufuata mkanda, moto umevuka mkanda: yote hayo yasemeka upesi wala hayachanganyiki na kitu kingine.

Neno la kupigiwa ukelele

Twafika sasa katika jambo lililotufanya tuandike makala haya. Kwa desturi twapima istilahi kwa usahihi wake, ufupi wake, ulinganifu wake na istilahi nyingine, na kukubalika kwake kwa watumiaji. Kwa istilahi za moto twaongeza kipimo kingine: je, neno laweza kupigiwa ukelele na mtu anayekimbia, likasikika na kueleweka na mwingine anayekimbia?

Tarehe 5 Agosti, 1949, katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana nchini Marekani, kikosi cha moto kilijikuta kikifukuzwa na moto wa nyasi ukipanda mlima. Moto hupanda upesi kuliko unavyoshuka, kwa kuwa joto na miali hutangulia kuyakausha majani yaliyo juu yake. Mtu naye huchoka apandapo. Kiongozi wao, Wagner Dodge, alipoona kwamba hawataufikia ukingo wa juu, aliwasha kibiriti akachoma nyasi zilizokuwa mbele yake, akaingia katika majivu ya moto wake mwenyewe na kuwaita wenzake waingie. Hakuna aliyemfuata. Watu 13 walikufa. Dodge alilala kifudifudi majivuni, moto mkubwa ukampita pande zote, naye akainuka mzima. Wawili wengine waliokoka kwa kupenya katika ufa wa mwamba.

Jambo alilolifanya Dodge halikuwamo katika mafunzo ya vijana wale, na kwa hiyo hawakuwa na neno lake. Walimwona mtu akiwasha moto wakati wanaukimbia moto. Hatusemi kwamba neno peke yake lingewaokoa. Hofu na kelele za moto zaweza kulishinda neno lolote. Twasema kwamba dhana isiyo na jina haifunzwi, na isiyofunzwa haikumbukwi wakati wa shida.

Kiswahili kina mtaji hapa. Methali yasema dawa ya moto ni moto, na msemaji yeyote wa Kiswahili amekwisha kuipokea kanuni hiyo kabla ya kufika kambini. Yatakiwa tu kuyapa majina matendo yake mawili, yaliyo mbalimbali. Moto unaowashwa kutoka mkandani ili ukutane na moto mkubwa na kumnyima chakula chake twauita moto wa kukabili. Moto unaowashwa na mtu aliyezidiwa ili apate mahali pa kuingia twauita moto wa kimbilio. Na lile "eneo jeusi" la rasimu, yaani ardhi iliyokwisha kuungua ambayo haina tena cha kuwaka, lugha yetu yaweza kulitaja kwa silabi nne: majivuni. Kiongozi akipaaza sauti "Majivuni!", mtu wa Kariakoo na mtu wa Mufindi watageuka upande mmoja.

Mwaka 1991, Paul Gleason, aliyekuwa kiongozi wa kikosi cha moto nchini Marekani, alizifupisha kanuni za usalama wa kazi hii kuwa mambo manne ambayo kikosi lazima kiwe nayo kabla ya kuanza kazi. Rasimu ilikuwa imeyafasiri kwa maneno 19. Sisi tumeyafasiri kwa manne: mwangalizi, mbiu, upenyo, kimbilio. Hatukumwita wa kwanza mlinzi, kwa sababu mlinzi, kama tumwonavyo kila usiku katika milango ya maduka ya mjini, wajibu wake ni kutoondoka. Huyu wajibu wake ni kuona mapema na kuwaondosha wenzake. Mbiu ni kila njia ya kupashana habari, iwe redio ya mkononi, filimbi au sauti. Wote twajua kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Upenyo ni njia ya kutokea iliyokwisha kusafishwa na kupimwa kwa miguu. Kimbilio ni mahali ambapo moto hauwezi kumfikia mtu.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

1. Barabara ya kinga moto: njia pana ya kudumu, isiyo na majani, baina ya vitalu vya miti.
2. Bomba la mgongoni: pampu ya maji inayobebwa na mtu mmoja.
3. Kichwa cha moto: upande wa moto unaokwenda kwa kasi zaidi.
4. Kikosi cha moto: kundi la wafanyakazi waliofunzwa kuzuia na kuzima moto wa misitu na nyika.
5. Kimbilio: mahali salama palipochaguliwa kabla ya kazi kuanza.
6. Kipigio: fimbo yenye mpira mpana ya kupigia moto wa majani.
7. Kusaka makaa: kutafuta na kuzima masalia ya moto baada ya miali kwisha; badala ya "kupiga deki".
8. Kuzingira moto: kuuzungushia moto mkanda pande zote.
9. Majivuni: katika ardhi iliyokwisha kuungua.
10. Mbavu za moto: pande mbili za kando za moto.
11. Mbiu: mawasiliano ya kikosi.
12. Mkanda: ukanda wa ardhi tupu unaokatwa wakati wa moto.
13. Mkia wa moto: upande wa nyuma wa moto, ambako kazi huanzia.
14. Moto usiodhibitiwa (katika sheria), moto kichaa (kwa umma): moto uliowatoka watu mikononi.
15. Moto wa chini kwa chini: moto ulao mizizi na mboji ndani ya udongo.
16. Moto wa kimbilio: moto unaowashwa ili kupata mahali pa kujiokoa.
17. Moto wa kukabili: moto unaowashwa kutoka mkandani kukutana na moto mkubwa.
18. Moto wa majani: moto upitao katika nyasi na majani makavu.
19. Moto wa vilele: moto upitao katika vilele vya miti.
20. Mwangalizi: mtu anayeutazama moto na upepo na kuwaonya wenzake.
21. Shokajembe: chombo chenye ubavu wa shoka na ubavu wa jembe.
22. Uchomaji wa mapema: kuchoma majani kwa mpango yangali na unyevu.
23. Upenyo: njia ya kutokea iliyotayarishwa.

Hitimisho

Istilahi hizi bado ni mapendekezo. Hazina budi kujadiliwa kabla ya kusanifiwa, na waamuzi wake wa kwanza si sisi tunaokaa Dar es Salaam, ambako moto huja na king'ora. Twawaomba walimu na watumishi walioko Mufindi, Njombe, Rombo, Moshi na kwingineko wawasomee vijana wa vikosi orodha hii na kusikiliza ni maneno gani wanayoyabadilisha wenyewe. Ikiwa wana neno lao la mkanda au la kimbilio, na ni fupi kuliko letu, basi tuandikieni mapema, ili lisahihishwe katika mwongozo kabla ya kiangazi kijacho.

Rasimu tumemrudishia mfasiri. Ile sentensi ya eneo jeusi sasa yasomeka hivi: "Upepo ukigeuka na upenyo ukiwa mbali, ingia majivuni."